Mizani na Mshipa

Macho ya mwanadamu ni mahakimu wepesi wa kukata hukumu. Yakiona ganda hudhani yameona kiini. Yakiona mlango hudhani yameona nyumba. Wahenga waliujua udhaifu huo zamani, wakatuachia onyo: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika insha hii nataka tuufungue mlango mmoja ambao watu wengi hupita mbele yake wakicheka, nao ni mwili wa mwanamke mnene. Nataka tuingie ndani, tuitazame mishipa yake ya damu, tujue mazoezi ya viungo huitendea nini mishipa hiyo, hata pale ambapo mizani husema kwamba hakuna lililotendeka.

Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, katika jamaa ambayo unono wa mwanamke ulihesabiwa kuwa sifa. Bibi arusi aliyenenepa baada ya harusi alimletea mumewe heshima, kwa kuwa watu walisema, "Huyu anatunzwa." Aliyekonda aliwaletea wazee wake maswali. Siwabezi waliosema hivyo. Walikuwa watu walioijua njaa, na aijuaye njaa hawezi kuchukia shibe. Lakini mwanamke mnene wa zamani zile alikuwa pia mtu wa kazi. Alitwanga, alipepeta, alikuna nazi, aliteka maji kisimani, na alikwenda kwa miguu popote alipoalikwa. Mjukuu wake hununua unga uliokwisha kusagwa, hufungulia maji bomba, na hungoja matatu kwa safari ya robo saa. Unono umebaki nyumbani, kazi imehama.

Mabadiliko haya si ya mji mmoja. Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kuwa robo ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Mwaka 2014 robo ilikuwa imekuwa thuluthi, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi ilizidi kupanda. Kipimo kinachotumiwa ni rahisi, na mwanafunzi yeyote aweza kukifanya: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jawabu likifika 25, uzito umezidi; likifika 30, huo ndio unene wa kupita kiasi. Hivyo mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 huufikia mpaka huo wa pili akiwa na kilo 77. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2022 watu waliouvuka mpaka huo duniani walizidi milioni elfu moja.

Mmoja wao ni dada yangu mkubwa. Dada ni mshoni. Mchana kutwa hukaa mbele ya cherehani, na mkono wake ni hodari hata wateja humfuata kutoka ng'ambo ya Likoni. Mama yetu alifariki kwa kiharusi. Asubuhi moja alishindwa kuinua kikombe cha chai, na kabla ya juma kwisha tulikuwa tumemzika. Kwa hiyo siku dada alipoambiwa hospitalini kwamba shinikizo la damu yake limepanda, nyumba nzima ilinyamaza. Alipewa vidonge, akaamriwa pia kutembea kila siku. Akaitii amri. Akisha kusali sala ya alfajiri, alivaa viatu vya raba chini ya buibui lake, akatoka Makadara kwenda upande wa bahari, mahali paitwapo Mama Ngina, penye ile mibuyu mikongwe, kisha akarudi kabla ya jua kuwa kali. Alifanya hivyo siku sita za kila wiki, kwa muda wa wiki kumi.

Mwisho wa wiki hizo alirudi kupimwa. Alikuwa ameanza na kilo 94. Mizani ikasema 93. Mtu aliyekuwa akipima aliitazama namba, akamtazama dada, akamwambia mbele ya safu ya wagonjwa kwamba ni dhahiri hakufanya mazoezi aliyoambiwa. Dada hakumjibu. Alirudi nyumbani, akavua vile viatu, akaviweka chini ya kitanda mahali panapowekwa vitu visivyotumika. "Mdogo wangu," aliniambia, "alfajiri sitini nimeamka. Nimevumilia maneno ya vijana wa maskani. Leo mizani yaniambia kwamba muda wote huo nilikuwa nimelala."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa swali lililovaa nguo za lawama. Je, kazi ya alfajiri sitini ilipotea? Kulijibu hatuna budi kwanza kujua mshipa wa damu ni kitu gani.

Watu wa kale walidhani kuwa damu hutengenezwa katika ini, ikaenda viungoni na kuishia huko, kama maji yanywewavyo na mchanga. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa damu huzunguka: hutoka moyoni kwa mishipa mingine, ikarudi moyoni kwa mishipa mingine. Alichokosa kukiona ni daraja baina ya mishipa ya kwenda na ya kurudi. Daraja hilo lilionekana mwaka 1661, wakati Mwitaliano Marcello Malpighi alipotazama pafu la chura kwa hadubini, akaona mishipa myembamba mno inayounganisha pande hizo mbili. Leo twajua kuwa moyo wa mtu aliyetulia husukuma kiasi cha lita tano za damu kwa dakika moja, na mtu akifanya kazi ya kumtoa jasho kiasi hicho huweza kuzidi mara mbili au tatu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya Harvey, wengi waliihesabu mishipa kuwa kama mabomba tu, vitu vya kupitishia damu visivyo na akili yao wenyewe. Aliyeigeuza fikira hiyo alikuwa Robert Furchgott wa New York. Alikuwa akifanya majaribio kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura, akivitia dawa. Vingine vililegea, vingine vilikataa. Alipochunguza sababu aligundua kuwa vilivyokataa vilikuwa vimesuguliwa upande wa ndani, hata utando mwembamba unaoutandika mshipa ukatoka. Palipokuwa na utando, mshipa ulilegea. Palipokosekana utando, mshipa ulikaza. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1980. Baadaye ilijulikana kwamba utando ule hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi, na kwamba gesi hiyo ndiyo iiambiayo misuli ya mshipa ilegee ili damu ipite kwa nafasi. Mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi huo.

Basi mshipa si bomba. Mshipa ni kitu hai chenye mlinzi ndani yake, na mlinzi huyo ni utando mwembamba kuliko karatasi. Akiwa mzima, mshipa hufunguka damu inapohitajika kwa wingi, na hujikaza haja inapokwisha. Akiwa mgonjwa, mshipa husahau kufunguka.

Unene wa kupita kiasi humwuguza mlinzi huyu kwa njia nyingi. Mafuta, hasa yale yaliyojazana tumboni kuzunguka matumbo, hayakai kimya kama nafaka ghalani. Hutia katika damu vitu vinavyouchokoza mwili kana kwamba una jeraha lisilopona. Insulini, ambayo kazi yake ni kuingiza sukari ndani ya viungo, hupungukiwa na nguvu. Nitriki oksidi kidogo inayotengenezwa huharibiwa kabla ya kufika inakotakiwa. Mshipa ukawa mgumu, mafuta yakapata upenyo wa kujipachika katika ukuta wake, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwanamke ana jambo lake la pekee tena. Homoni ya estrojeni, ambayo mwili wake huitoa kwa wingi katika umri wa kuzaa, humsaidia mlinzi huyu katika kazi yake. Hedhi ikikoma, msaada huo hupungua; na mwanamke ambaye kwa miaka mingi alibeba unene na kukaa kitako huifikia zamu hiyo akiwa na mlinzi aliyekwisha kuchoka.

Sasa tazama mazoezi hufanya nini. Mtu akitembea kwa haraka, misuli ya miguu hudai damu, na moyo huitikia. Damu ikapita mbio katika mishipa, ikiusugua ule utando wa ndani kama maji ya mto yanavyosugua ukingo. Utando huuhisi msuguo huo, ukatoa nitriki oksidi zaidi. Mwendo wa siku moja hufungua mshipa kwa muda mfupi tu. Lakini msuguo ukirudiwa leo, kesho na wiki zijazo, utando huongeza vyombo vyake vya kazi, ukawa tayari wakati wote. Umeiona njia ya kwenda shambani? Ikikanyagwa kila siku hubaki wazi. Ikiachwa msimu mmoja, magugu huifunga. Mshipa nao huendelea kuwa wazi kwa kukanyagwa na damu. Na katika misuli yenyewe mishipa mipya, ile myembamba aliyoiona Malpighi, huchipuka.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: Je, faida hiyo si ya kupungua kwa uzito tu? Huenda mtu akitembea hukonda, na kule kukonda ndiko kumponyako. Swali hili ni la miaka mingi. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha habari za watumishi wa mabasi ya London. Waligundua kuwa madereva, waliokaa kitako siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kisha mwaka 1956 wakaeleza kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Hapo fumbo lilizidi kufumbika: aliyemdhuru dereva ni kiti au ni kiuno? Na hao wote walikuwa wanaume.

Ili kufumbua fumbo, ilitakiwa njia ya kuupima mshipa wenyewe bila kumpasua mtu. Njia hiyo ilielezwa na matabibu wa London mwaka 1992. Mkanda kama ule wa kupimia shinikizo la damu hufungwa mkononi na kujazwa upepo kwa dakika tano, damu ikazuiwa. Kisha hufunguliwa kwa ghafula, damu ikaja kwa kishindo. Kwa chombo cha mawimbi ya sauti, mpimaji hutazama kama mshipa mkubwa wa mkono unapanuka kuipokea damu ile. Mshipa mzima hupanuka. Mshipa mgonjwa hubaki karibu kama ulivyokuwa.

Kwa kipimo cha namna hii, watafiti wa Perth, Australia, walichapisha mwaka 2004 habari za vijana wanene, rika lenu ninyi wasomaji. Mishipa ya vijana hao, licha ya uchanga wa umri wao, ilikuwa imekwisha kuanza kuzembea. Walifanyishwa mazoezi kwa wiki nane. Uzito wao haukupungua. Lakini mishipa yao ilipopimwa tena ilipanuka kama mishipa ya wenzao wembamba, na mafuta ya tumboni yalikuwa yamepungua kidogo. Mizani haikuona lolote katika hayo, kwa sababu mizani hupima jumla tu. Haijui kutofautisha mfupa na mafuta, wala msuli na maji. Majaribio mengine kwa watu wazima wanene, wanawake wakiwamo, yameelekea huko huko.

Huko Dallas, Marekani, wanawake 464 waliokoma hedhi, wenye uzito uliozidi na wasio na desturi ya mazoezi, waligawanywa katika makundi kwa miezi sita. Habari zao zilichapishwa mwaka 2007. Kundi lililofanya mazoezi machache kuliko yote lilipata kama dakika 72 tu kwa wiki, nusu ya zile zinazoshauriwa. Hata hao uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni uliongezeka, na waliofanya zaidi walipata zaidi, ingawa makundi hayakutofautiana sana kwa uzito. Ni kweli pia kwamba katika jaribio hilo shinikizo la damu halikushuka kwa kiasi cha kutajika. Nalitaja hili kwa makusudi, maana anayesifu dawa lazima aseme pia ambacho dawa haikuponya. Mwili ni nyumba yenye vyumba vingi, na ukarabati hauanzi katika vyumba vyote siku moja.

Basi nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba uzito si kitu. Unene wa kupita kiasi una madhara yake kwa magoti, kwa sukari ya damu na kwa moyo, na mtu akiweza kuupunguza kwa chakula cha busara amefanya jambo jema. Sisemi kwamba matembezi ni badala ya vidonge; aliyeandikiwa dawa na asizitupe kwa sababu amejisikia mwepesi. Wala sisemi kwamba faida ya mazoezi ni akiba isiyooza. Mtu akiacha, baada ya wiki chache mlinzi wa mshipa huanza kurudia uvivu wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wazima kupata dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo huo unasema pia kuwa kidogo ni bora kuliko hapana, na hilo ndilo waliloliita wazee haba na haba.

Hayo yote nilimweleza dada, si kwa siku moja, wala si kwa maneno makubwa. Nilimwambia kwamba mizani imeulizwa swali lisilolihusu. Aliyetaka kujua kama alfajiri zake zilifanya kazi angemwuliza ngazi. Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, na dada hukaa ya juu. Alikuwa akisimama mara mbili njiani, mkono ukutani, akijifanya kutafuta funguo ili jirani asijue kuwa pumzi zimemkatika. Nikamwuliza, "Dada, jana ulisimama wapi?" Alifikiri kwa muda. Kisha akasema kwamba hakumbuki kusimama.

Viatu vilitoka chini ya kitanda. Mwaka wa pili sasa anatembea, na majirani wawili wameungana naye. Mara ya mwisho alipopimwa alikuwa na kilo 92. Vidonge bado anameza, na shinikizo limetulia. Ni lipi limefanywa na vidonge na lipi na miguu, sina chombo cha kuamua. Vijana wa maskani nao wamechoka kucheka, kwa kuwa mzaha hauna nguvu za kuamka alfajiri kila siku.

Nakusemesha wewe mwanafunzi kwa sababu katika kila shule niliyopata kufundisha nimemwona msichana mmoja katika uwanja wa michezo. Filimbi hulia, wenziwe hukimbia, naye hubaki nyuma, mnene, uso umemwiva. Hukamilisha mzunguko wake wakati wengine wamekwisha kukaa kivulini, na kivulini hutoka kicheko. Wiki ya pili huleta barua ya kuomba ruhusa ya kutokimbia. Wiki ya tatu hupewa kazi ya kushika nguo za wenziwe. Huo ndio mwisho wa mazoezi yake, pengine kwa maisha yake yote, na waliomfukuza uwanjani hawajui kuwa wamemfukuza mtu kutoka katika dawa yake.

Unaposoma maneno haya, mkumbuke msichana huyo wa shule yako. Yule wa mwisho uwanjani ndiye ambaye moyo wake umefanya kazi kubwa kuliko mioyo yenu nyote, kwa kuwa umebeba mzigo mzito zaidi kwa mwendo ule ule. Damu yake imepita mbio katika mishipa iliyohitaji sana kupitiwa. Akifika, mpishe akae kivulini, mpe maji, na wiki ijayo mwite mapema muanze mzunguko pamoja.